Maswali ya Wasomaji: Je, kompyuta zetu za zamani zihamie keneli mpya?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mufindi. Kompyuta za shule yetu ni za zamani, nyingi zina RAM ya gigabaiti 2, na zote zinatumia mfumo endeshi wa Debian 12. Nasikia keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, imebadilika sana miaka hii ya karibuni. Je, nihamie Debian 13 au nibaki nilipo?
Mwalimu, Mafinga

Jibu: Mwalimu, kabla ya yote chunguza prosesa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inatumia keneli 6.12, na haitoi tena keneli wala kisakinishi kwa ajili ya prosesa za biti 32. Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike uname -m. Ukiona i686, ujue mfumo uliopo ni wa biti 32. Hata hivyo usikimbilie kuitupa mashine hiyo, kwani kompyuta nyingi za mtumba ziliwekewa mfumo wa biti 32 ilhali prosesa zake zina uwezo wa biti 64. Andika lscpu, kisha usome mstari wa op-mode: ukitaja 64-bit, mashine inafaa, ingawa itakubidi usakinishe mfumo upya, na kwa hiyo kazi za wanafunzi zihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje. Ukitaja 32-bit peke yake, mashine hiyo ibaki na Debian 12.

Kuhusu mabadiliko yenyewe, mengi hayatagusa darasa lako. Lugha ya programu ya Rust iliruhusiwa kwenye keneli kuanzia toleo la 6.1, nao uwezo wa kutenda kazi kwa wakati halisi, yaani kujibu ndani ya muda uliopangwa bila kuchelewa, uliohangaikiwa kwa takriban miaka 20, uliingia rasmi katika 6.12, huo unawafaa zaidi wenye mitambo ya viwandani na studio za sauti. Badiliko linalokuhusu hasa ni MGLRU, lililoingia katika 6.1 mnamo Desemba 2022. Hili huisaidia keneli kuchagua vizuri zaidi kurasa za kumbukumbu, yaani vipande vya data, za kuondoa pale RAM inapojaa, na kwa mashine ya gigabaiti 2 yenye kivinjari kilichofunguliwa, naliona lina thamani kuliko mengine yote niliyoyataja. Huenda tayari unalo bila kujua, kwa kuwa Debian 12 inatumia keneli 6.1: soma faili /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled, na ukikuta 0x0000, basi halijawashwa.

Keneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, lakini 6.1 na 6.12 zote ni za matunzo ya muda mrefu, kwa hiyo usihangaike kulifukuzia kila toleo.

Nakusihi usisasishe wakati wa radi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza kukataa kuwaka. Keneli ya awali nayo usiifute. Itakuwapo kwenye menyu ya kuwashia, chini ya Advanced options. Anza na kompyuta moja, uifundishie wiki mbili, printa na projekta zikiwa zimeunganishwa, ndipo uziguse nyingine.