Shangazi, picha ya mpwa wangu niishushe ukutani?

Shangazi shikamoo. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nina jambo linaninyima usingizi. Mpwa wangu, mtoto wa dada, nimemlea mwenyewe toka darasa la tano, alikuwa anakimbia mita 800 hatari, akafika mpaka UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na sebuleni kwangu ipo picha yake ana medali shingoni anacheka mpaka lile jino la pembeni lililovunjika linaonekana. Akapata chuo Canada, mwaka wa saba huu. Mwaka jana kanipigia, anko mi ni mwanaume, nachoma sindano za homoni, jina nimebadili. Ndevu zimeanza kutoka. Sasa Desemba anakuja na anataka tuvuke Ukerewe kumuona bibi yake, na huyo bibi ndo wajina wake, jina alilolitupa ni la mama yangu! Kaka yangu anasema ni yale yale ya Semenya. Picha niishushe? Mama nimwambieje? Na anasema bado anakimbia, sasa atakimbia na nani?
Anko wa Kirumba, Mwanza

Marahaba mwanangu. Nianze na kaka yako maana kachanganya mafaili. Caster Semenya, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini, hajabadili kitu, kazaliwa akalelewa binti, Berlin 2009 akabeba dhahabu ya mita 800 ana miaka 18, ila mwili wake wenyewe unatengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume, nyingi kuliko kawaida ya wanawake na wakubwa wa riadha wakamtaka aishushe kwa dawa ndo akimbie, mwishowe akagoma. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, waliopanda naye jukwaani Rio 2016, nao kanuni hiyo hiyo iliwakumba. Mpwa wako ni habari nyingine, yeye testosteroni anaichoma.

Kelele nyingine unazosikia ni za waliobalehe kama wavulana wakataka kushindana na wanawake, hao riadha ya kimataifa iliwafungia mlango 31 Machi 2023, na toka Septemba 2025 anayetaka mbio za dunia za wanawake anapimwa jeni kwanza. Mpwa wako anaelekea upande wa wanaume, huko hajafungiwa na mtu. Ila testosteroni ipo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa hiyo akitaka mashindano ya maana awe na kibali maalum cha matibabu, cheti cha daktari peke yake hakitoshi, bila kibali ni doping tu. Inawezekana lakini, Chris Mosier wa Marekani mwaka 2020 alishiriki mchujo wa Olimpiki wa wanaume, kutembea kwa kasi kilomita 50. Tatizo ni saa bana. Muda uliompa medali kwa wasichana, kwa wanaume unaweza usimvushe hata wilayani, na hilo analijua kuliko wewe, usimkumbushe wakati mnakula sato.

Haya, picha. Caitlyn Jenner alishinda dekathloni, ile ya michezo kumi, Olimpiki ya Montreal 1976 akiitwa Bruce, mashindano ya wanaume, 2015 akajitangaza ni mwanamke na watu wakaanza kukusanya saini anyang'anywe medali, Kamati ya Olimpiki ikasema haioni tatizo lolote. Na ya mpwa wako ni yake vile vile, alikimbia kwa miguu yake. Lakini sura iliyopo kwenye ile picha ni yake pia, kwa hiyo mpigie umuulize, wapo wanaoumia kujiona walivyokuwa na wapo ambao wala hawajali. Akisema shusha, shusha, medali umuwekee. Usichofanya ni kuishusha kimya kimya alafu mtoto aingie ndani akute msumari na ile alama ya fremu kwenye rangi ya ukuta, atajua kafutwa.

Sasa mama. Mi nimesoma barua yako mara mbili na naona ndevu hazikuumi sana, kinachokuuma ni jina la mama yako, na kwa kweli hapo nakuelewa, mtu kupewa wajina sio jambo dogo. Mwambie mpwa wako hivyo hivyo, kwamba jina limekuuma, ila usimlazimishe alirudishe. Alafu angalia, mpwa ni mpwa, mjukuu ni mjukuu, wajina ni wajina, hakuna hata moja lenye kike na kiume ndani yake, na nyinyi wawili toka zamani si mnaitana anko kwa anko? Bibi anaweza kumuita wajina mpaka kesho na hatakuwa amekosea kwa yeyote.

Ila asishtukizwe na ndevu mlangoni. Kubalianeni nani atampigia kabla hamjavuka, mpwa mwenyewe au wewe, yeye ndo achague. Mama anaweza kununa siku mbili, mwacheni anune. Na pale Mwaloni usimwambie mtu hata mmoja bila ruhusa yake, maana stori ikitoka hapo itafika Nansio kule Ukerewe kabla ya meli na mwenye kuumizwa na midomo ya watu atakuwa mpwa wako sio wewe.

Kaka yako kama bado yupo kwenye Semenya, siku hiyo abaki Kirumba auze dagaa.