Umetuhumiwa kazini, au umeona kitu: maswali yenu kuhusu kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa England

Meseji za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, mfanyakazi katuhumiwa kumuumiza au kumdhulumu mtu anayemhudumia, sasa inakuwaje. Wengine mmetuhumiwa nyie, wengine ndo mliopokea malalamiko, wengine mmeona kitu na kinawakaba kooni. Majina nimeyatoa yote. Sheria ninazozitaja hapa ni za England, walioko Scotland, Wales na Northern Ireland taratibu zenu zinatofautiana kwa hiyo ulizeni huko huko.

Shikamoo dada. Jana meneja kanipigia akaniambia nisije kazini mpaka nitakapoambiwa, eti kuna tuhuma juu yangu. Nikauliza nimefanya nini, akasema hawezi kusema. Na viza yangu ni ya hawa hawa waajiri. Ndo nimekwisha?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua usiku wa namna hiyo haulaliki. Hujaisha. Kusimamishwa si hukumu, ni kukuweka pembeni wakati watu wanachunguza. Hilo la kutoambiwa linauma lakini lina sababu, kesi ya aina hii haiishii kwa mwajiri, inatakiwa ifike halmashauri ya eneo (kwa watu wazima ni kifungu cha 42 cha Care Act ya 2014), na kama kunanukia jinai polisi nao wanaingia, sasa hao ndo wanaoshauri uambiwe nini na lini ili ushahidi usiharibike. Kwa hiyo meneja aliyekunyima maelezo inawezekana kabisa alikuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Ila kunyimwa maelezo mpaka mwisho, hapana. Kabla ya kikao cha nidhamu lazima uandikiwe unatuhumiwa nini na upewe muda wa kujiandaa, na kwenye kikao chenyewe sheria ya 1999 inakupa haki ya kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Usiingie peke yako jamani, nawaomba, wengi mnaingia peke yenu kwa aibu halafu mnakubali maneno ambayo hata hamkuyaelewa vizuri.

Leo hii omba barua inayosema umesimamishwa tangu lini na je ni kwa mshahara kamili, maana kawaida inatakiwa iwe hivyo. Hapo kwenye mshahara ndo viza inapogusana na kesi: kusimamishwa huku unalipwa hakukuondolei udhamini, lakini ukikaa bila malipo zaidi ya wiki 4 kwa jumla ndani ya mwaka mmoja, kwa kawaida mwajiri anatakiwa aache kukudhamini. Na wakikufukuza wataripoti Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, na kwa kawaida unabakiwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Kwa hiyo wakigusia habari ya kukuweka nyumbani bila malipo, tafuta mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Halafu kaa chini uandike shifti zako zote za karibuni unazozikumbuka, nani alikuwepo, ulimhudumia nani, saa ngapi, nini kilitokea. Usifute kitu kwenye simu yako. Usiwapigie wenzako kuuliza nani kasema, wala usimwendee mzee au familia yake kuomba yaishe. Hata kama huna kosa hata chembe, simu hiyo moja inageuka kuwa tuhuma ya pili, ya kutisha mashahidi, na hiyo sasa utakuwa umeifanya kweli.

Mimi ni kiongozi wa shifti. Mzee mmoja kaniambia kijana wa usiku alimvuta mkono kwa nguvu. Nikamwita kijana pembeni, akakiri kidogo, akalia, nikamwonya, nikamwambia mzee yameisha. Sasa naambiwa nami niko kwenye matatizo. Kosa langu nini?

Kosa ni kuyamaliza. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, mkubwa anawaita wawili, anasuluhisha, mambo yanakwisha pale pale, na kwenye ugomvi wa majirani inafaa sana tu. Hapa haifai hata kidogo kwa sababu hawa wawili hawako sawa, mmoja ana nguvu na funguo za dawa, mwenzake hawezi hata kujigeuza kitandani, na usiku unaofuata ni yule yule kijana anayeingia chumbani kwake. Moyo wako nauona, ulimwonea huruma kijana, lakini umemwacha mzee bila ulinzi, na kijana mwenyewe umemharibia, maana sasa hakuna anayeweza kujua alikiri nini hasa, kwa maneno yapi.

Siku nyingine anza na mzee. Yuko salama sasa hivi? Anahitaji daktari? Kama hatari ipo bado, piga 999, simu ya dharura. Msikilize amalize, usimwongoze kwa maswali, usimuulize "alikupiga, si ndiyo?", muulize tu "nini kilitokea" halafu nyamaza. Usimuahidi kwamba itabaki siri, mwambie utalazimika kumweleza mtu, ila muulize yeye mwenyewe anataka nini kifanyike, na hilo nalo liandike, watu wanalisahau hili kila siku, wanaamua juu ya mzee kana kwamba hayupo chumbani.

Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Kama kasema "alinivuta mkono nikalia", ndicho kinachoandikwa, si "mteja amenyanyaswa kimwili", hiyo ni tafsiri yako wewe. Kama kuna alama, weka kwenye ule mchoro wa mwili, upande gani, ukubwa gani, rangi gani, tuseme madoa manne madogo ya zambarau nje ya mkono wa kushoto na moja kwa ndani, maana alama za vidole hukaa hivyo, na mtu aliyejigonga kwenye reli ya kitanda hatoki na alama kama hizo. Weka saa, tarehe, jina, sahihi. Ikiwa tuhuma ni ya ngono basi asioge kwanza, wala shuka na nguo zisifuliwe, mpaka polisi waseme.

Kisha ripoti kwa meneja siku hiyo hiyo bila kumhoji mtuhumiwa. Meneja anapeleka halmashauri na analazimika kuijulisha CQC (wakaguzi wa huduma za afya na malezi England), hata kama ni tuhuma tu haijathibitishwa. Meneja mwenyewe ndo mtuhumiwa? Mruke, nenda juu yake au halmashauri moja kwa moja. Na kama anayehudumiwa ni mtoto, anayepewa taarifa ni afisa wa halmashauri anayeitwa LADO, ndani ya siku moja ya kazi.

Kwa hilo lililokwisha kutokea, andika leo kila kitu ukiwa mkweli, pamoja na yale uliyomwambia kijana, uwape. Kuchelewa ukasema mwenyewe ni tofauti sana na wao kuja kukigundua.

Bora nijiuzulu kabla hawajanifukuza, si itaisha?

Haiishi. Uchunguzi unaendelea bila wewe kuwepo kujitetea. Na kwa sheria ya 2006, mwajiri akiona kwamba angekuondoa kwenye kazi hiyo kwa sababu ulidhuru mtu au ungeweza kumdhuru, lazima akupeleke DBS, taasisi ya serikali inayokagua rekodi za wafanyakazi, hata kama ulishaondoka, asipofanya hivyo yeye ndo anatenda kosa la jinai. DBS ndo wenye orodha mbili za watu waliozuiwa, moja ya kazi za watoto na moja ya watu wazima. Wakikuandikia kwamba wanafikiria kukuweka humo unapewa wiki 8 za kujibu, tafadhali msiiache barua hiyo kwenye droo, jibuni, kwa msaada wa mwanasheria au chama chenu. Ukishawekwa humo halafu ukaenda kufanya kazi hizo kimya kimya kupitia ajensi nyingine, ni kosa la kifungo, mpaka miaka 5.

Nilimwona mwenzangu akimzaba kofi bibi mwenye dimenshia. Ni mtu wa kwetu, ana watoto, anatuma hela nyumbani. Wenzangu wanasema tusichomane ugenini. Bibi hata hakumbuki.

Hakumbuki, lakini aliumia. Na ukiniuliza mimi, kwa sababu hakumbuki ndo anakuhitaji wewe zaidi, hana shahidi mwingine duniani.

Mwaka 2011 BBC ilionyesha picha zilizorekodiwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol ya watu wenye ulemavu wa akili, wagonjwa wanapigwa, wanaburutwa, wanachekwa. Nesi mmoja aliyekuwa anafanya kazi hapo, Terry Bryan, alikuwa ameshawaambia viongozi wake na ameshaiandikia CQC, hakuna kilichofanyika mpaka alipokwenda kwa waandishi. Wafanyakazi 11 walikiri makosa mahakamani, 6 wakafungwa. Sikwambii ukimbilie televisheni, nakwambia mahali pale palikuwa na wafanyakazi wengi waliokuwa wanaona.

Kumtesa mtu asiye na uwezo wa kujiamulia ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2005, kifungo mpaka miaka 5. Ripoti kwa maandishi na ubaki na nakala. Wakikupuuza nenda halmashauri au CQC, sheria ya 1998 inakulinda usiadhibiwe kwa kusema, na huhitaji kuwa umekaa kazini muda fulani ili ikulinde. Andika ulichokiona tu, mkono, shavu, saa, usiongeze tabia zake za nyuma ulizosimuliwa. Na huyo ndugu yetu akipata matatizo kwenye maisha yake tumsaidie kwingine, wakili, chakula cha watoto, lakini si kwa kumficha.

Nilimchapa mwanangu nyumbani, shule ikaripoti, sasa hata kazini wananiita. Inawahusu nini?

Unafanya kazi na watoto wenye ulemavu, ulisema, kwa hiyo inawahusu. LADO anaangalia hata yanayotokea nyumbani kama yanaonyesha unaweza kuwa hatari kwa watoto wa kazini. England sheria bado inamwachia mzazi utetezi wa adhabu ya kadiri, tofauti na Scotland na Wales walioshaufuta, lakini ukiacha jeraha utetezi huo haukusaidii. Nenda ukawaeleze ukweli, chukua msaada wa malezi wanaokupa, na usimfundishe mtoto la kusema.

Wamemaliza kuchunguza, wanasema tuhuma haikuthibitika, nirudi Jumatatu. Sijui nitawaangaliaje watu.

Nimefurahi kwa ajili yako, na bado pole. Kabla ya Jumatatu omba barua ya matokeo na uisome kwa makini, maana "haikuthibitika" inamaanisha ushahidi haukutosha huku wala kule, si sawa na "ilikuwa ya uongo", na kama uchunguzi ulionyesha wazi kwamba haikutokea, omba waandike hivyo. Omba mkae na meneja siku ya kwanza kabla ya shifti, mkubaliane wenzako wataambiwa nini, na kama utamhudumia tena yule aliyelalamika au la. Kama hukuwa na makosa, mwenzako aliyeripoti kwa nia njema usimnunie, alimwona mzee analia akafanya alichotakiwa kufanya. Na ukiona usingizi haurudi mwone daktari wako, mwambie na kilichosababisha.