Usisaini fomu ya fundi kabla simu haijatoa mlio

Mkuu mleta uzi, weka kalamu chini kwanza.

Unasema uko Gungu hapa Kigoma, simu ya mezani na intaneti ya nyumbani vimekufa wiki ya nne sasa tangu katapila la mtaro likate kebo, bili inakuja kama kawaida, na fundi amekuahidi kesho anakuja na fomu umsainie "ili ofisini wamtolee kebo mpya". Halafu unatuomba mfano wa barua ya fidia, unauliza kama unaweza kudai hasara ya biashara, na kama uhamie kwenye ruta ya laini. Barua utaandika tu, haina ugumu. Hiyo fomu ndiyo itakayokumaliza.

Niliambiwa maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno. Niko Mwanga, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura, na naifanyia nyumbani. Wateja wa ng'ambo wananipata kwa namba ya mezani kwa sababu haijawahi kubadilika, na nyaraka zote zinapita kwenye waya huo huo. Ulipokatika, nilihangaika na bando la simu ya mkononi usiku na mchana, na mizigo miwili ilikosa meli kwa sababu karatasi hazikupanda kwenye mfumo kwa wakati. Nikalalamika, nikapewa namba ya malalamiko, nikasubiri. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa upande wangu.

Fundi akaja mchana wa jua kali, anaongea vizuri, anacheka na watoto. Akapanda nguzoni, akashuka, akaniambia kebo ya mtaani imeshaungwa, kilichobaki ni "kufunguliwa kwenye mfumo", jioni itawaka. Akatoa kile kitabu chenye karatasi za nakala, akakiweka juu ya boksi la vifaa vyake huku amekikunja katikati, kinachoonekana ni jina langu na mstari wa sahihi tu. "Mzee wangu, nisainie hapa nikafunge kazi, nisipofunga hawanipi kazi nyingine." Nikasaini. Wakati nasaini, ruta iko dirishani nyuma yake, ile taa ya LOS inawaka nyekundu, inakonyeza. Kwa wasioijua, LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kabisa kwenye kifaa chako. Wala si jambo la mfumo. Waya umekatika au haujaungwa, basi.

Sehemu iliyokunjwa ilikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa alama: huduma imerejea, mteja ameridhika. Niliiona siku nilipokwenda kudai.

Ilipofika jioni, hakuna kitu, na kesho yake vivyo hivyo. Fundi simu hapokei. Nikakaa nikijua malalamiko yangu bado yako wazi kwa ile namba ya mwanzo, kumbe kwenye mfumo wao yalifungwa dakika ile ile niliyosaini. Huduma ilikuja kurudi baada ya muda mrefu sana, na nilipopeleka barua yangu ya fidia, kijana wa dawatini akaigeuza skrini nione mwenyewe. Muda wangu wa kukosa huduma unaishia siku ya sahihi. Siku zote zilizofuata, ambazo ndizo nyingi na ndizo zilizoniumiza, zinahesabika kwamba huduma ilikuwepo na mimi nilikuwa mteja mwenye furaha. Wakanipunguzia bili kwa zile siku za mwanzo tu. Na bili ya mwezi niliokaa gizani nikatakiwa niilipe yote, kwa sababu "hakuna malalamiko yaliyofunguliwa kipindi hicho".

Nilikasirika, na bado nina hasira. Yule kijana aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee, ile ni taratibu tu, kila mteja anasaini." Kama ni taratibu tu, mbona ndiyo iliyonikata? Karatasi inapowafaa wao ni ushahidi, inapomfaa mteja ni taratibu! Na fundi alijua. Mtu anayepanda nguzo anajua kama ameunga waya au hajaunga. Aliuza mwezi wangu ili kazi yake isomeke imekamilika. Na asije mtu hapa kuniambia nilitakiwa kusoma: wangapi kati yenu mmeshawahi kumkunjulia fundi kitabu chake mkononi akiwa amesimama mlangoni kwenu? Hata shemeji yangu, aliyefanya kazi mahakamani miaka yote, alisaini ya kwake bila kukunjua.

Naona wachangiaji wawili juu huko wamekwambia nenda TCRA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, moja kwa moja. Ni kweli TCRA wapo kwa ajili hiyo, tangu sheria ya mwaka 2003 iliyowaanzisha, na kuna kanuni za kumlinda mlaji za mwaka 2018. Sheria ile ile ya 2003 imeunda pia Baraza la watumiaji, TCRA-CCC, la kukusemea. Lakini kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama ulianza kwa mtoa huduma wako na alikujibu nini. Kampuni nayo itaulizwa upande wake. Unadhani itatoa nini? Itatoa fomu yenye sahihi yako. Mimi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na maelezo marefu na wao walikuwa na karatasi moja, na karatasi ikashinda.

Mwingine amekwambia tulia, fidia inaingia yenyewe, ndugu yake wa Uingereza alilipwa bila kuomba. Jamani, msimpoteze mwenzenu. Uingereza kuna utaratibu ulioanza Aprili 2019 chini ya Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, kampuni zilizojiunga nao zinalipa zenyewe kwa kila siku baada ya siku mbili kamili za kazi kupita bila matengenezo. Ulianza na pauni 8 kwa siku. Hapa Kigoma usipodai kwa maandishi hakuna atakayekukumbuka. Na hata huko hesabu inaanza na tarehe uliyoripoti na kuisha tarehe huduma iliyorudi, kwa hiyo tarehe ya kurudi ndiyo pesa yenyewe. Anayeishika tarehe hiyo ndiye anayeishika fidia yako.

Sasa kesho. Fundi akifika, mkaribishe vizuri, mpe maji, lakini kalamu isiguse karatasi mpaka umeinua mkono wa simu ukasikia mlio, umepiga namba yoyote ikaita, na umefungua ukurasa wa intaneti huku data ya simu yako umeizima. Hiyo data zima kweli, maana wengine wanafungua kwa bando lao wenyewe wanashangilia imerudi. Kama haijarudi na bado anasisitiza sahihi, kunjua karatasi yote, kata kile kisanduku kwa mstari, andika kwa mkono wako "Huduma HAIJAREJEA", weka tarehe na saa, ndipo usaini chini ya maneno hayo. Kisha piga picha karatasi nzima na ruta ikiwa na taa yake nyekundu. Akikukataza kuandika hayo, usisaini kabisa. Asikutishe kwamba hatapewa kebo. Kebo inatolewa kwa sababu waya umekatika, si kwa sababu mteja ameridhika.

Akishaondoka, siku hiyo hiyo piga huduma kwa wateja uliza kama namba yako ya malalamiko bado iko wazi. Wakisema imefungwa, fungua mpya palepale na uandike namba yake. Barua yako ipeleke mwenyewe na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hasara ya biashara usiichanganye na dai la bili kwenye aya moja, maana wakiikataa hiyo wanaitupa barua yote. Dai kwanza siku zako zote zifutwe kwenye bili.

Fundi akija kesho, kabla hujaandika chochote, kunjua hiyo fomu uipige picha uitupie hapa. Niko hewani kuanzia asubuhi.