Mchezaji huita, huitisha au huomba mapumziko?

Swali: Ninaandaa mwongozo wa mbinu kwa wachezaji wa mashindano ya raketiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa raketi ndani ya chumba chenye kuta. Nimeandika kwamba mchezaji "aite mapumziko mpinzani anapopata pointi mfululizo", na kwamba akishatumia mawili "anabaki na mapumziko moja". Mhariri amezikataa sentensi zote mbili. Je, ana haki?

Jibu: Anayo. Kitenzi "kuita", kwa maana ya kumtaka mwingine aje, kwa kawaida huhitaji mtu au kiumbe awezaye kuitika, na mapumziko hayaitiki. "Kuitisha" kinakaribia zaidi, lakini ni kitenzi cha mwenye mamlaka, kama katika kuitisha mkutano au uchaguzi, ilhali mchezaji hupeleka haja yake kwa mwamuzi. Kinachofaa ni "kuomba". Huenda ukapinga kwamba mtu haombi kilicho haki yake; hata hivyo, haki hii ina mipaka, kwa kuwa ombi halikubaliwi mpira ukishaanza kuanzishwa, na anayeomba ilhali mgawo wake umekwisha huhesabiwa kuwa anachelewesha mchezo na kupokonywa pointi.

Kosa la pili ni la upatanisho tu: umoja wa "mapumziko" ni "pumziko". Kwa kanuni zilizozoeleka Marekani, ambako kila upande hupewa mapumziko matatu ya sekunde 30 katika seti ya pointi 15, na mawili katika seti ya kuamua mshindi ya pointi 11, utaandika: "Ametumia mapumziko mawili, amebakiwa na pumziko moja."

Mhariri wako, hata hivyo, amepitwa na jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni wakati wa kitenzi. "Anapopata" huonyesha tendo linaloendelea, na msomaji makini ataelewa kwamba mchezo usimamishwe huku mpira ukiwa bado unapigwa. Mbinu unayoieleza hufanya kazi katika mwanya mfupi baina ya pointi moja na nyingine, ambapo mchezaji humvunjia kasi mpinzani aliyeshika mwendo, kisha akaamua atabadilisha nini. Mwanya huo huonyeshwa vyema na "-kisha-" ikifuatwa na "kabla" yenye "-ja-": "Mpinzani wako akishapata pointi tatu mfululizo, omba pumziko kabla hajaanzisha mpira tena." Pale unaposhauri namna ya kuyagawa mapumziko katika seti nzima, andika "kuyatumia kwa hesabu", kwa sababu hapo hoja ni matumizi, wala si ombi.