Kabla ya bwawa jingine, Kalagala kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, Uganda iendelee kujenga mabwawa makubwa kwenye mto Nile?" Jibu langu ni hapana, si sasa, na anayelitoa ni mtu anayekula kwa umeme. Nachomelea milango na madirisha hapa Walukuba, Jinja. Umeme ukikatika, mteja anakwenda kwingine. Wazee wengi wa mtaa huu walikuja kutafuta kazi viwandani enzi za bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa 1954, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Kwa hiyo sina ugomvi na bwawa kwa kuwa tu ni bwawa.

Mgao wa umeme wa 2005 na 2006 naukumbuka vizuri. Mvua ilikuwa haba, na Ziwa Victoria likazidi kushuka kwa sababu maji yalifunguliwa kupita kiwango kilichokubaliwa, ili mitambo ya Nalubaale na ya Kiira, kituo cha pili kando yake, izunguke. Giza lile liliwanyamazisha wengi waliokuwa wakipinga bwawa kwenye maporomoko ya Bujagali. Bwawa likajengwa, megawati 250, likazinduliwa 2012, na maporomoko yakazama. Pale vijana walikuwa wakijitosa kwenye maji yale makali wamekumbatia jerikeni tupu la manjano, watalii wakiwatolea hela ukingoni. Wasoga nao walikuwa na mizimu yao pale. Zikafanyika tambiko za kuihamisha, na wapo walioshikilia kwamba mizimu haihamishwi. Hata bei haikuwa nafuu: serikali ikabidi iisamehe kampuni ya bwawa hilo kodi ya mapato ili umeme wa Bujagali upungue bei.

Lakini linaloniuma zaidi ni Kalagala. Ili Benki ya Dunia iunge mkono Bujagali, serikali yetu ilitia saini, 2007, kwamba maporomoko ya Kalagala, kule chini upande wa Kayunga, hayatajengewa mitambo ya umeme, na misitu ya karibu, Mabira ikiwemo, italindwa. Yaani tulikubali kuipoteza Bujagali ili Kalagala ibaki. Wenye biashara ya mitumbwi ya watalii wakateremka na mto, wakaanza upya huko. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, kwa mkopo wa China, likazinduliwa 2019. Ziwa lake likarudi nyuma hadi ndani ya eneo lile lile lililoahidiwa, na mawimbi waliyokuwa wakiyategemea yakafunikwa. Watu wale wale wamepoteza mto mara mbili! Na Agosti 2022 maji yakaingia kwenye jengo la mitambo ya Isimba, uzalishaji ukasimama.

Sasa bwawa la Karuma, megawati 600, imezinduliwa 2024, na nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000. Hata hivyo majirani zangu bado wanapikia makaa, kwa sababu yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakula hela haraka. Shida yetu ya leo ni nyaya na bei.

Bado bwawa la Ayago, ndani ya mbuga ya Murchison, iko kwenye mipango. Kabla ya mkopo wake kutiwa saini, serikali ibandike mkataba wa Kalagala kwenye ofisi za wilaya za Jinja na Kayunga, kwa Lusoga, Luganda na Kiswahili, pamoja na ramani ya sehemu iliyozamishwa na Isimba na orodha ya kilichotolewa kufidia sehemu hiyo. Wabunge wetu wa pande zote mbili za mto wadai hivyo kabla ya kuupigia kura mkopo huo.

Msomaji wenu, Walukuba, Jinja