Gita moja, amp mbili: besi huku, treble kule

SWALI: Fundi habari za kazi. Napiga gita hotelini peke yangu, mpiga besi hakuna. Nina amp ya gita na nyingine ya besi ya kuazima. Nimetoa krosova (ile saketi ya kutenga besi na treble) kwenye spika mbovu ya muziki nikaiunga kati ya gita na amp, nikitegemea nyuzi nene ziende kwenye besi na nyembamba kwenye amp ya gita. Sauti imekufa, mpaka nifungue volumu yote ndo nasikia kwa mbali. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama kaka, pole na hangaiko. Hiyo krosova itoe leo leo. Haijaungua wala amp zako hazina shida, umeiweka tu pahala sio pake. Krosova ya ndani ya spika inakaa baada ya amp, mbele yake kuna spika ya omu 4 au 8, sasa wewe umeibebesha pikapu ya gita (ile sumaku na koili inayonasa mlio wa nyuzi) ambayo yenyewe tu ina omu elfu kadhaa na inataka mbele yake kitu cha omu milioni moja hivi ndo ipumue. Ile koili ndogo ya upande wa twita (spika ndogo ya treble), tuseme ni ya milihenri 0.3, kwenye 1,000 Hz (mitetemo elfu moja kwa sekunde) ni kama omu 2 tu, na inatoka kwenye waya wa sauti inaenda moja kwa moja kwenye ethi, yaani ni kama umegusisha waya mbili za jeki halafu unashangaa mbona kimya.

Afu kuna jambo jingine ambalo lingekukuta hata na krosova ya bei mbaya: krosova haijui nyuzi, inajua Hz tu. Uzi wa sita ukiwa wazi ni 82 Hz, wa tano 110, wa nne 147, wa tatu 196, wa pili 247, wa kwanza 330. Ukikata kwenye 180 unaona kama umetenga tatu nene na tatu nyembamba, safi kabisa. Ila kila noti inakuja na watoto wake, yaani mitetemo ya juu inayolia pamoja nayo, ile 82 inaleta 165, 247, 330 na kuendelea, na hao watoto ndo wanabeba ule mlio wa kucha ikigusa uzi. Wakihamia amp ya pili, ya besi inabaki na "muuu" tu kama ng'ombe yuko nyuma ya ukuta. Halafu uzi huohuo wa sita ukipanda freti ya 15 ushafika 196, noti inahama amp wewe uko katikati ya wimbo.

Kwa hiyo mimi sikati pande zote mbili. Tafuta kiboksi cha kugawa sauti ya gita, chenye bafa (saketi ndogo inayopokea sauti ya gita bila kuidhoofisha) na transfoma kwenye njia mojawapo. Amp ya gita ipe sauti nzima, punguza besi yake kidogo tu. Ya besi ndo uikate, kwa pedali ya ikwalaiza au kwa vitufe vyake, kila kitu juu ya 250 hivi kishuke. Zikipandana kidogo hapo katikati acha, ndo gita linabaki gita moja. Ukitaka kutumia krosova ya umeme, zile za raki za PA (mitambo ya sauti ya ukumbini), iweke baada ya priamp (sehemu ya mwanzo ya amp inayokuza sauti ya gita), toa sauti kwenye "send" ya amp moja, usiichomeke gita moja kwa moja.

Amp zipandanishe au zibananishe. Kwenye 250 Hz wimbi lina mita 1.37 hivi, kwa hiyo msikilizaji akiwa mbali na amp moja kwa sentimita 70 kuliko nyingine, zinaanza kulana, yaani moja inafuta sauti ya mwenzake. Halafu piga uzi wa tatu wazi, kisha mwenzio ageuze waya za spika ya besi, plasi kwa mainasi (zima amp kwanza, hasa kama ni ya valvu), uwashe upige tena, mkao wenye tumbo nene ndo huo uache. Nishawahi kupiga sherehe nzima besi imepotea nikalaumu ukumbi, kumbe nilikuwa nimegeuza waya mwenyewe.

Ukisikia mvumo, ni ethi mbili zimekutana, na ile transfoma ya kwenye kiboksi ndo dawa yake. Usikate ethi ya plagi hata mtu akuambie nini, gita lina nyuzi za chuma na wewe ndo umezishika.

Distosheni (ule mlio wa kukwaruza) iende upande wa gita peke yake, besi ibaki safi. Billy Sheehan wa Marekani anafanya hivyo miaka mingi kwenye gita la besi, chini safi, juu moto.

Ila kwa kazi yako ya hotelini nikwambie ukweli, besi yenyewe inaanzia 41 Hz na gita lako linaishia 82, hakuna krosova ya kukuletea kisichokuwepo. Unataka pedali ya oktava (inashusha noti oktava moja, 82 inakuwa 41), iweke upande wa besi BAADA ya kukata treble. Zile za analogi zinafuata noti moja kwa wakati, ukizipa kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) zinakoroga, lakini zikisikia noti ya kidole gumba tu zinatulia.