Risasi nzito za kusubu kwa nguruwe wa Texas: makosa yangu, usiyarudie

Nguruwe mwitu wa kwanza niliyempiga kwa risasi niliyoisubu mwenyewe sijampata mpaka leo. Ilikuwa usiku, kando ya shamba la mahindi karibu na Mto Brazos, Texas, umbali wa mita arobaini hivi. Nilisikia kabisa risasi ikigonga nyama. Dume akageuka, akaingia kichakani kama mtu aliyekumbuka jambo nyumbani. Tulitafuta damu kwa tochi hadi saa tisa, mimi na mzee mwenye shamba, tukaambulia matone mawili. Mzee hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Bunduki ilikuwa AR-15, aina inayojipakia yenyewe, yenye mtutu wa .300 Blackout, yaani wa risasi nene na nzito kuliko .223 ya kawaida ya bunduki hiyo. Risasi ilikuwa ya greni 245, karibu gramu 16, ikienda taratibu kuliko sauti. Niliisubu kwa mchanganyiko mgumu wa madini na kalibu yenye ncha, nikidhani ugumu ndio nguvu. Lakini kwa mwendo wa futi 1,050 kwa sekunde, risasi ngumu haitanuki. Inapita kama sindano ya kushonea gunia, na nguruwe ana nafasi ya kukimbia mbali sana akiwa na tundu dogo tu mwilini.

Nilibadilisha vitu viwili. Kwanza nikatafuta kalibu ya kichwa bapa, kipana, kinachopasua njia hata kisipotanuka. Pili nikalainisha mchanganyiko: madini ya risasi mengi, bati kidogo, na antimoni, madini yanayougumisha, kidogo kuliko hata bati. Wengi watakutisha kwamba risasi laini itachafua mtutu. (Kiswahili kinatutesa hapa, madini na kinachorushwa vyote ni risasi.) Kwangu mtutu ulichafuka kwa sababu nyingine: risasi ilikuwa nyembamba kuliko mtutu, gesi ya moto ikapenya pembeni na kuilamba. Sukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu mtupu, kitoe, kipime, kisha risasi zako ziwe nene kwa elfu moja ya inchi zaidi. Mtutu wangu ni wa .308, unapenda .309.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono husamehe. Inayojipakia yenyewe haisamehe. Kichwa bapa kilekile kinachomlaza nguruwe hukwama kwenye mteremko wa kuingilia chemba. Usiku wangu wa pili bunduki ilikwama baada ya mlio wa kwanza, kundi zima likanipita kwa dharau. Siku hizi, kabla ya kutengeneza risasi mia, natengeneza tano zisizo na baruti wala fataki (kile kiwashio cha kitako), nazipitisha kwenye magazini kwa kuvuta komeo kwa nguvu, halafu napima urefu wake upya. Risasi ikiwa imesukumwa ndani ya ganda, hata kidogo, sizipakii za aina hiyo, kwa sababu shinikizo hupanda na bunduki iko karibu na shavu langu. Vipimo vya baruti sitakupa. Fuata kitabu cha watengenezaji wa baruti, anza chini.

Mafuta ya kulainisha risasi huacha masizi kwenye njia ya gesi ya AR. Niliyaacha, sasa nazipaka rangi ya unga na kuzioka kwenye oveni chakavu iliyoko gereji, ambayo chakula hakiingii tena. Na kama una kizuia sauti, soma karatasi yake kwanza. Watengenezaji wengi hukataza risasi zisizovikwa shaba, hasa kwa vile visivyofunguka kwa kusafishwa.

Jambo moja sitalipitia haraka. Ganda la .300 Blackout linaweza kuingia kwenye chemba ya .223, na ukifyatua, bunduki hupasuka. Magazini ni zilezile, kwa hiyo macho hayatakuokoa gizani. Zangu za .300 nimezifunga mkanda mwekundu, na bunduki hizo mbili haziendi porini siku moja. Rafiki zangu hunicheka. Wacheke.

Kuhusu kuyeyusha: nje au penye hewa, glavu, miwani, mikono ioshwe kabla ya kugusa hata kikombe cha chai. Tone moja la maji likizama kwenye sufuria ya risasi iliyoyeyuka hulipua kila kitu hewani.

Shambani, kumbuka kwamba risasi ya mwendo huo huanguka upesi. Yangu imelengeshwa yadi 50. Kwenye 100 inagonga kama inchi sita chini. Kwa hiyo mimi sivuki 60. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko unavyodhani, karibu kati ya miguu ya mbele, na madume wakubwa wana ngozi na gegedu nene kama ngao begani. Akisimama vizuri, nalenga nyuma ya sikio. Asiposimama vizuri, nasubiri.

Ndugu zangu mnaoishi huku, sikieni pia la sheria. Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwinda nguruwe hawa kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenyewe ameruhusu. Lakini kama uko kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki isipokuwa uwe na kibali kama leseni halali ya uwindaji. Yaani leseni ambayo jirani yako haihitaji, wewe inakulinda. Inunue, tembea nayo, na kama hali yako ya ukaaji ina utata, ongea na mwanasheria kabla hujagusa chochote.

Ukimpata, vaa glavu unapomchuna, kwa sababu wengine wana ugonjwa wa brusela unaoingia kwa damu. Kata nyama yote iliyozunguka tundu, itupe. Iliyobaki ipikwe hadi nyuzi 71 za Selsiasi ndani. Ni kavu kidogo, haina yale mafuta ya kitimoto cha Sinza, kwa hiyo mimi huichemsha kwanza na tangawizi na ndimu, kisha naikaanga na ndizi. Mzee wa shamba sasa hunipigia simu mwenyewe wakiingia kwenye mahindi, na huuliza kama zile ndizi zipo.